Jiwe Yatima la Kisengo

Ng'iiiii.

Ulianza mwembamba kama mlio wa mbu aliyeingia sikioni akakosa pa kutokea. Kisha ukashuka, ukanenepa, ukapasuka katikati, ikawa milio miwili inayofukuzana, mmoja juu na mmoja chini, mpaka wa chini ukazimika na wa juu ukabaki peke yake ukitetema.

Sekunda Bitwale aliusikiliza akiwa amefumba macho. Mkataba wa Mawe Safi ulimtaka afumbe macho, asimwone mwenye jiwe kabla ya kutoa hukumu, asije akamwonea au akampendelea. Lakini hakuhitaji kuona kitu. Mlio huo aliujua kuliko sauti ya mama yake mzazi, maana mama alikufa mapema na mlio huo ulikuwa umemjia kila juma kwa miaka sita.

"Kisengo," alisema. "Safi."

"Kisengo. Safi," ikarudia mashine, na mkono wake wa chuma ukagonga lakiri juu ya kijaluba kilichobeba almasi.

Alipofumbua macho aliona, ng'ambo ya kioo, tabasamu la Bwana Malaba, mnunuzi wa mawe, mtu wa suti ya rangi ya maziwa na viatu vinavyong'aa mchana kutwa katika mji usio na hatua tatu za lami.

"Mungu akutunzie masikio hayo, mama," Malaba alisema akikitia kijaluba mfukoni.

"Ungemwomba ayapumzishe."

Malaba akacheka, akaondoka na jiwe lake, ambalo tangu dakika hiyo lingeweza kuvaliwa kidoleni na bibi harusi yeyote wa nchi yoyote, naye asiulizwe neno.

"Anayefuata," mashine ikaita.

Sekunda akafumba macho. Ndani ya kibanda taa ya urujuani ikamulika, jiwe likashtuka kwa mwanga, na punje ya shaba iliyopandikizwa nyuma ya sikio lake la kulia ikaupokea mtikisiko.

Uuummm. Mzito, wa chini, kama mama anayeimba mdomo umefumbwa huku mtoto yuko mgongoni.

Akaguna. Mlio huu nao aliujua. Hata mwenye jiwe alimjua kabla ya kumwona.

"Sauti haijulikani," alisema kwa uchovu.

"Jiwe yatima," ikatangaza mashine. "Litazuiliwa. Mwenye jiwe anakumbushwa kwamba kuleta jiwe la vita ni kosa la jinai."

"Jiwe la vita!" Sauti ilitoka ng'ambo ya kioo kabla Sekunda hajafumbua macho. Gwasa, mwenyekiti wa ushirika wa wachimbaji wa Kisengo, alikuwa ameegemeza viganja vyote viwili kwenye kioo, na viganja vile viliacha alama za tope. "Yatima tena, mama? Tena?"

"Umelitoa wapi, Gwasa?"

"Mwaka juzi uliniuliza hivyo. Mwaka jana ukaniuliza hivyo. Nimelitoa Kisengo. Nimezaliwa Kisengo. Tope hili ni la Kisengo. Unataka nikufukulie na kitovu changu, nacho mkakimulike?"

Foleni ikaangua kicheko. Sekunda hakucheka.

"Mashine haina chuki na wewe."

"Haina chuki, ina tajiri wake! Yule bwana wa viatu hajakanyaga Kisengo hata siku moja. Vile viatu vyenyewe ni ushahidi! Lakini jiwe lake ni Kisengo, safi, hongera. Langu mimi ni yatima. Hebu niambie basi, mama yake na jiwe langu ni nani?"

Lilikuwa swali la matusi, lakini Sekunda hakuwa na jibu lake, na ndilo lililomkera. Miaka sita alikuwa ameyapokea mawe ya watu wa Kisengo, na yote, kila moja, yalikuwa yatima. Makao Makuu ya Mkataba walimwandikia kwamba jambo hilo halina ajabu: watu wa Kisengo ni majirani wa vita, basi wanavusha mawe ya vita na kujidai wameyachimba wao. Akaamini. Lakini mwizi gani huyu, alijiuliza sasa, anayekamatwa kila juma kwa miaka sita na kila juma anarudi mchana, mlango uleule, akipiga kelele?

Kila almasi hulia. Hilo lilijulikana tangu enzi za wazazi wake. Ukiimulika kwa mwanga mkali wa nukta ya sekunde, hupata joto kidogo, hutanuka, husinyaa, na katika kusinyaa hutikisika. Mtikisiko huo hufuata uchafu na nyufa ndogo zilizomo ndani yake, na hizo huachwa na mwamba ulioizaa, chini kabisa, kabla hakujawa na mtu wala mnyama. Mawe ya mwamba mmoja hulia namna moja, kama watoto wa nyumba moja wanavyofanana kicheko. Kwa hiyo mataifa yalipochoka kudanganywa kwa vibali vya kughushi, yalikusanya jiwe moja la mfano kutoka kila machimbo ya amani duniani, yakahifadhi milio yake katika Maktaba ya Sauti. Jiwe lenye mlio uliomo Maktabani ni safi. Lisilokuwamo ni yatima. Na kwa kuwa mashine zilikwisha kuhongwa, maana aliyeitengeneza mashine huhongeka, Mkataba ukataka sikio la mtu aliye hai, aliyekula kiapo, ndilo litamke hukumu. Mashine irudie tu.

Sekunda alikula kiapo hicho akiwa na miaka ishirini na tisa. Mshipa wa sikio lake la kulia ukaunganishwa na punje ile, na tangu siku hiyo sikio hilo lilisikia kwa punje peke yake. Hakuwahi kupokea hata soda ya mtu.

Akasimama.

"Shimoni kuna watu sasa hivi?"

Gwasa akashangaa. "Wapo. Kwani?"

"Twende."

"Msikilizaji haruhusiwi kukanyaga machimbo," ikasema mashine. "Kanuni ya kumi na nne. Kuepusha upendeleo."

"Naenda msalani," Sekunda akasema akivua joho.

"Safari ya msalani isizidi dakika kumi."

"Basi andika naharisha."

*

Walikwenda na guta la umeme la ushirika, Sekunda amekaa juu ya magunia matupu, thamosi yake ya chai mapajani, kurunzi ya ukaguzi mkobani. Gwasa hakunyamaza njia nzima. Alionyesha zahanati isiyo na dawa, shule iliyobaki na madarasa mawili, nyumba ambazo vijana wake walikwisha kuvuka mto kwenda kuchimba kwa Jenerali anayeendesha vita kule Bwazi, maana Jenerali hulisha.

"Anawalisha na kuwafunga minyororo," Sekunda alisema.

"Ndiyo. Sisi tunawapa uhuru na njaa. Chagua."

Shimo la Kisengo lilikuwa bonde jekundu lililochongwa ngazi ngazi. Chini, kando ya bwawa la maji ya udongo, wanawake kadhaa walikuwa wamepiga magoti wakizungusha machekeche, na aliyewaongoza alikuwa kizee mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Kila mmoja Kisengo alimwita Bibi Ntezi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mama wa masikio? Nilidhani una masikio makubwa."

Wanawake wakacheka. Safari hii Sekunda naye alicheka, kidogo.

Alisema anachotaka: aone kwa macho yake jiwe likitoka ardhini. Bibi Ntezi hakuuliza kwa nini. Alimwonyesha jiwe la kukalia, akaendelea na kazi. Mchanga ulishushwa kutoka mdomo wa shimo, ukamwagiwa maji, ukazungushwa, kokoto nzito zikajikusanya katikati ya chekeche. Chekeche likapinduliwa juu ya gunia. Hakuna. Jingine. Hakuna. Jua likahama, chai ikapungua, wanawake wakabishana kuhusu harusi fulani iliyokuwa na wali mbichi. Sekunda alikaa pale akiwaza barua ya onyo inayomsubiri.

Kisha Bibi Ntezi akapindua chekeche na hakusema kitu. Alinyoosha kidole tu.

Jiwe lilikuwa dogo kama punje ya harage, la rangi ya chai nyepesi. Lilikuwa bado na maji. Sekunda aliinama, akalimulika papo hapo kwa kurunzi juu ya gunia, bila kuligusa.

Uuummm.

Akalimulika tena. Uuummm. Mama aliyefumba mdomo, mtoto mgongoni.

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulipachika pale. Aliliona likitoka. Basi hii, na si nyingine, ndiyo ilikuwa sauti ya Kisengo. Na kama hii ndiyo sauti ya Kisengo, ile nyembamba yenye kupasuka, ile aliyoiita Kisengo kila juma mbele ya sheria ya dunia nzima, ilikuwa ya nani?

"Bibi," alisema taratibu, "wale wageni wa Maktaba waliokuja kuchukua jiwe la mfano. Nani aliwapa?"

"Mimi," Bibi Ntezi akasema kwa fahari. "Walikuja na mwavuli mkubwa na mkalimani. Watu wa adabu sana. Wakataka jiwe moja la kumbukumbu. Nikawaambia, karibuni, tutawauzia. Wakasema hapana, sheria yao inawakataza kununua, lazima wapewe bure."

"Bure!" mwanamke mmoja akadakia, na wote wakaguna kama waliosikia jambo la aibu.

"Sasa, mwanangu, jiwe la shimo letu haliwezi kutolewa bure. Linauzwa, hata kwa kipande cha sabuni, lakini bure hapana. Ukimpa mtu bure, shimo linamfuata. Utachimba mpaka uote mvi, hupati kitu, bahati yote imekwenda na mgeni. Hata mtoto anajua hilo hapa."

"Lakini jiwe mliwapa."

"Ningewarudishaje mikono mitupu? Wageni wametoka mbali hivyo! Nikawapa langu mwenyewe, lililotoka ndani ya nyumba yangu. Zuri kuliko yote ya hapa. Jeupe pe, kama jino." Bibi Ntezi akaliweka chekeche chini. "Nililetewa na wakwe zangu siku walipokuja kumchukua binti yangu Abela. Jiwe la shukrani. Kwao ndiko kuna meupe namna ile."

"Kwao wapi?"

"Bwazi. Ng'ambo. Kabla ya vita."

Gwasa aliyekuwa amesimama alikaa chini, juu ya tope, na suruali yake safi ya kuendea mjini.

Maji yalidondoka kwenye machekeche.

"Kwa hiyo," Gwasa akasema hatimaye, "miaka yote hii mawe ya Jenerali yanapita kwa jina letu. Na ya kwetu yanafungiwa kama ya Jenerali."

"Ndiyo."

"Malaba alijua?"

"Malaba alijaribu bahati yake siku moja, ikapita. Mtu kama yule haulizi kwa nini mlango uko wazi."

Gwasa akaanza kucheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha, mpaka akakohoa. Lakini Bibi Ntezi alikuwa akimtazama Sekunda peke yake.

"Yale unayosema 'safi'," alisema. "Wanaoyachimba ni wale waliotekwa?"

Sekunda angeweza kusema hajui. "Ndiyo, Bibi."

"Abela wangu hajaleta salamu tangu vita ianze."

Akainama, akachota mchanga mwingine, akaanza kuzungusha. Mikono yake ilizungusha vizuri, kama kawaida. Ni maji tu aliyosahau kuyatia.

*

Sekunda alipompigia, Katibu Anselmi wa Makao Makuu alijitokeza kwa kivuli cha mwanga juu ya lundo la kokoto. Mtandao wa Kisengo ulikuwa dhaifu, kwa hiyo alijitokeza kuanzia mabegani kushuka. Tai ilikuwapo. Kichwa hakikuwapo.

"Msikilizaji Bitwale, naona matope nyuma yako. Uko wapi?"

"Msalani," Sekunda alisema. "Katibu, nisikilize."

Akamweleza yote. Kile kiwiliwili kilisikiliza kimekunja mikono. Kilipojibu, sauti yake haikuwa ya mtu mbaya, na hilo lilimchosha Sekunda zaidi.

"Nakuamini," Katibu alisema. "Lakini fikiri. Mawe ya sauti hiyo yako vidoleni mwa watu duniani kote. Tukitangaza leo kwamba ni ya damu, nani ataamini tena jiwe lolote? Kabla ya Mkataba huu mawe yalipita bila hata kuulizwa. Ukiangushwa, wa kwanza kufanya sherehe ni Jenerali. Tulipeleke jambo hili Mkutano Mkuu, baada ya masika ya mwakani."

"Mwakani! Na mpaka mwakani niendelee kufumba macho na kusema 'safi'?"

"Au tumia utaratibu uliopo. Futa sampuli kwa sababu ya udanganyifu. Inafutika papo hapo."

"Kwa masharti gani?"

"Jina la aliyeitoa. Atashtakiwa, na machimbo yake yatafungwa daima."

"Hakudanganya! Mliwakataza watu wenu kununua, yeye amekatazwa kutoa bure. Alifanya adabu!"

"Fomu haina mahali pa adabu, Msikilizaji."

"Nitaje," Bibi Ntezi akasema nyuma yake.

"Bibi, kaa kimya!" Gwasa akaruka.

"Mimi nikae kimya? Nimekuogesha wewe katika bwawa hili! Mama, nitaje. Jina langu ni Ntezi, binti wa Rugambwe. Wanifunge. Mawe ya kule yasipate pa kupitia, wale mbwa wakose fedha ya risasi, mwanangu afunguliwe."

"Na shimo, Bibi?" Gwasa akawaonyesha wanawake kwa mkono. "Shimo si lako peke yako! Likifungwa, hawa wote watakula nini? Watavuka mto, kesho kutwa, kila mmoja, kwenda kuchimba kwa huyohuyo Jenerali. Utakuwa umemwondolea soko ukampa watumwa!"

"Kwa hiyo mwanangu abaki huko?"

"Sikusema hivyo!"

"Ulisema nini?"

Gwasa alitazama pembeni, na Sekunda akaona kijana yule mwenye mdomo wa moto anauma midomo asilie mbele ya wanawake.

Wote wawili walikuwa na haki. Hilo ndilo lililomtia hasira, hasira kavu, iliyompanda mpaka kwenye ile punje ya shaba. Mataifa mangapi yalikaa meza ngapi, yakala chakula cha mchana mara ngapi, ili yatengeneze sheria ambayo mtu mwema akiifuata lazima amwangamize mama au amwangamize binti? Na hakuna hata mmoja wao, katika vikao vyote hivyo, aliyeinua mkono kuuliza: je, kule kwao, kitu hutolewaje?

"Katibu," akasema. "Kuna kanuni ya kukana."

Tai ikasogea. "Haijawahi kutumika."

"Ipo au haipo?"

"Ipo. Msikilizaji akikana masikio yake, hukumu zake zote juu ya sauti ile zinafutwa, na sauti yenyewe inaondolewa Maktabani. Haiulizwi jina la mtu mwingine. Lakini kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya waliohongwa, Sekunda." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Punje inazimwa papo hapo. Utakuwa kiziwi wa sikio hilo maisha. Na watu watasema ulikula kwa Malaba."

Alilijua hilo. Sikio lilimuuma kidogo tu kulifikiria. Lililomuuma hasa ni jambo la pili, maneno ya watu. Alijiona akirudi nyumbani kwa kaka zake, akipita sokoni, watu wakigeuka: yule pale, aliyekuwa na kiapo. Miaka yote alikuwa akirudisha mpaka embe alizoletewa na jirani, asije akasemwa. Na sasa atasemwa, tena na watu ambao hawajawahi kurudisha chochote.

"Mawe yale uliyapitisha kwa haki," Katibu alisema. "Masikio yako hayakukosea. Maktaba ndiyo ilikosea."

"Nani alisema 'safi'?"

"Samahani?"

"Kila juma. Mdomo wa nani ulisema 'safi'? Mashine ilirudia tu, Katibu. Ndivyo mlivyotaka wenyewe. Unganisha mashine."

Katibu alikunjua mikono. Kisha kiwiliwili chake kikazimika, na juu ya kokoto ikabaki sauti ya mashine.

"Msikilizaji Sekunda Bitwale. Unakana masikio yako juu ya sauti ya Kisengo?"

"Nakana."

"Chagua sababu. Ya kwanza, rushwa. Ya pili, ulevi. Ya tatu, ugonjwa."

"Hakuna mahali pa kusema mliomba vibaya?"

"Chaguo hilo halipo. Usipochagua, itaandikwa ya kwanza."

"Sema ulevi, mama," Gwasa akanong'ona, macho yake mekundu. "Angalau ionekane ulifaidi."

Hata Bibi Ntezi alitabasamu. Lakini Sekunda alitikisa kichwa.

"Sikuhongwa. Sikulewa. Siumwi. Sichagui."

"Chagua sababu."

"Nimesema sichagui."

"Muda umekwisha. Sababu: rushwa. Sauti imeondolewa Maktabani. Mawe yote yenye sauti hiyo yazuiliwe popote yalipo. Punje itazimwa baada ya muda mfupi. Asante kwa utumishi wako."

*

Kwa hiyo ikawa imekwisha. Mahali fulani barabarani, mfukoni mwa suti ya rangi ya maziwa, jiwe moja lilikuwa limegeuka yatima.

Sekunda alisimama akitazama lile jiwe dogo la rangi ya chai, ambalo bado lilikuwa juu ya gunia.

"Bibi, nipe hilo," alisema, kisha akajishika mdomo.

Bibi Ntezi akamkazia macho. "Nikupe?"

"Niuzie."

"Ee. Hapo sawa. Una nini?"

Sekunda akainua thamosi. Bibi akaipokea, akaitikisa sikioni, akafungua, akanusa, akaichunguza kama anayenunua ng'ombe.

"Kifuniko kimepasuka."

"Kimepasuka kidogo tu, hakivuji."

"Chai yenyewe imebaki nusu."

"Ina tangawizi."

"Hebu ongeza."

Sekunda akafungua kitambaa chake kichwani, cha kitenge cha buluu, akakiweka juu ya thamosi. Bibi Ntezi akakipima kwa vidole, akapiga kiganja chake juu ya kiganja cha Sekunda, na wanawake wote wakasema kwa pamoja, "Limeuzwa!"

Haraka, kabla punje haijafa, Sekunda aliliweka jiwe kiganjani, akalimulika. Safari hii alifumba macho mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Uuummm. Uuum—

Katikati ya mlio, upande wa kulia wa dunia ukafungwa. Hakukuwa na maumivu. Palibaki patupu tu.

Alipofumbua macho Bibi Ntezi alikuwa upande ule akisema naye, midomo ikienda.

"Zungukia huku, Bibi."

Kizee akazunguka, akasimama upande wa sikio la kushoto. "Nasema, watakuja tena kutaka sauti yetu. Hao wa mwavuli. Watakutafuta wewe mwenye jiwe, na watasema sheria yao ni ileile, wapewe bure. Utafanyaje?"

Sekunda akafunga vidole juu ya jiwe. Lilikuwa na joto bado.

"Sitawapa," alisema, kwa sauti kubwa ili Gwasa asikie, na wanawake wote wasikie, kwa kuwa hakuwa na uhakika tena sauti yake ni kubwa kiasi gani. "Wakilitaka, waje wao, na vichwa vyao, wapige magoti katika tope hili, wakuulize wewe bei. Na bei utaitaja wewe, Bibi Ntezi, na ya kwanza tutakayoitaja ni Abela arudishwe nyumbani. Nakuahidi. Jiwe hili halitoki mkononi mwangu bure."